Mlango wa Bibi Mwantumu

Nilipobonyeza "hifadhi", Kambi Nane yote ilinyamaza, kisha vifaa vikaanza kurudi kimoja kimoja.

Nilikuwa nimekaa juu ya kreti mbele ya ruta kubwa, ndani ya chumba ambacho zamani kilikuwa ofisi ya karani wa shamba, macho kwenye kioo. Pampu za maji zikarudi. Taa za njiani zikarudi. Mzani wa singa, zile nyuzi za mkonge, zahanati, kengele ya shule. Halafu wakataji, zile mashine za miguu sita zinazotembea kwenye mistari ya mkonge zikiwa na mapanga ubavuni. Kila mmoja alifika mlangoni, akataja nywila mpya, akaingia. Wiki nzima nilikuwa nimewaambia watu kwamba kufuli jipya halitamuumiza mtu, na sasa nilikuwa natabasamu peke yangu kama mjinga.

Kifaa kimoja hakikurudi.

Kilikuwa kinakuja mlangoni, kinasema neno lake la zamani, kinakataliwa, kinarudi nyuma, kinakuja tena. Hodi, hodi, hodi. Jina lake kwenye kioo lilikuwa MOYO WA MWANTUMU.

Nilikimbia bila viatu.

Nilimkuta Bibi Mwantumu amekaa chini jikoni kando ya mbuzi ya kukunia, nazi aliyoikuna nusu iko mapajani, na midomo yake imekuwa rangi ya majivu.

"Mke mwenzangu," akaniambia polepole, "nimechoka kama nimekata shamba zima. Kumetokea nini?"

"Nimefunga mlango, Bibi."

"Basi umenifungia nje."

Nilimshika mgongo kwa mkono mmoja, kwa mkono wa pili nikafungua mipangilio kwenye simu na kurudisha kufuli la zamani. Tukangoja. Ile mashine ndogo iliyo kifuani mwake ikapiga hodi yake, ikakaribishwa, ikauliza zahanati moyo upige vipi, ikajibiwa. Midomo ikaanza kupata rangi.

"Huo ndio ufundi wako?" akasema sauti ilipomrudia. "Mume wetu angekuwa hai angekupa talaka leo."

Mume wetu ni marehemu Mzee Kihiyo, mume wake yeye, ambaye alikufa mimi bado nanyonya. Lakini Bibi Mwantumu ananiita mke mwenza tangu nilipoanza kutembea, ananilaumu kwamba nilimnyang'anya bwana, na kila Idi ananidai nimrudishie kofia ya marehemu. Si bibi yangu wa damu. Ni zaidi.

"Nazi hiyo imalizie wewe," akasema. "Umeniua, unikunie nazi."

Nikakuna. 

*

Nieleze hapa kwa wasiojua, na wanaojua wanivumilie. Hata mimi hakuna aliyenifundisha darasani.

Waifai ni sauti. Ruta inapiga kelele hewani, na kila mwenye sikio anaisikia, rafiki na mwizi. Kinachomzuia mwizi asielewe ni kufuli: maneno yanavurugwa kabla hayajatoka, na mwenye nywila peke yake ndiye anayeweza kuyapanga tena. Kufuli la zamani lilikuwa zuri enzi zake. Tatizo lake ni kwamba kifaa kinapoingia, salamu za mlangoni husikika mpaka barabarani. Mtu akizinasa anakwenda nazo kwake, na huko mashine yake inajaribu nywila moja baada ya nyingine huku yeye anakunywa chai. Wewe hujui kitu. Kufuli jipya haliachi salamu za kubeba. Ukitaka kubahatisha, bahatisha hapohapo mlangoni, mbele ya watu, na ukikosea unaonekana.

Kambi Tano walichelewa kubadilisha. Mtu alinasa salamu zao. Mpaka leo hatumjui. Asubuhi moja mkataji aliacha mstari wa mkonge, akavuka barabara, akaingia uani kwa Shemweta na kukata kila kilichosimama. Shemweta alikuwa amesimama. Sasa anatembea kwa mguu wa plastiki, na mtu akianza kumpa pole anabadilisha mazungumzo.

Ndipo Kampuni ya Anga ikatoa amri. Kampuni hii inamiliki mawimbi yote kutoka milimani hadi pwani, kwa mkataba ambao hakuna aliyetuuliza tunauonaje. Amri ilisema kufuli la zamani marufuku. Kambi itakayokutwa nalo, mnara wake unang'olewa na watu wake wanaunganishwa kwenye mnara wa Kampuni. Yaani pampu zetu zifunguke wao wakitaka, wakataji wetu watembee wao wakitaka. Sisi watu wa mkonge tunajua maana ya maji yaliyo mkononi mwa mtu mwingine. Nitalifikia hilo.

Uchungu nilionao juu ya Kampuni ni mwingi. Nautunza kama wengine wanavyotunza mbegu, na kila msimu naupanda. Lakini safari hii walichosema kilikuwa kweli. Kufuli la zamani lingetuua. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Adui akisema uongo, unalala usingizi mzuri.

*

Tulikutana kwenye ghala la brashi, ambako singa husafishwa, baada ya swala ya Ijumaa, watu wamekaa juu ya marobota ya singa. Mwenyekiti wetu Semboja ni mtu mpole, tena ana haraka ya kupatana. Alianza kunitupia majibu kama anayetupa mahindi kwa kuku.

"Mashavu, si kuna sehemu ya kuficha jina la mtandao? Lifiche, mkaguzi asilione."

"Ipo, Mwenyekiti. Lakini kuficha jina si kufunga mlango, ni kuzima taa ya barazani. Mwizi hahitaji taa, na mkaguzi ana tochi yake."

"Basi kwenye kufuli la zamani ruhusu namba ya kifaa cha Bibi peke yake."

"Namba ya kifaa ni kofia. Mtu yeyote anaweza kuivaa."

"Mtengee Bibi mtandao wake. Kama chumba cha wageni. Usishike pampu, usishike wakataji."

"Hilo ni jibu zuri," nikasema, "kwa usalama wenu. Wakataji watakuwa salama. Lakini mkaguzi akipita barabarani atalisikia kufuli la zamani vilevile, na mnara utang'oka. Na mwizi akilifungua, ndani atakuta kitu kimoja tu cha kuchezea."

Hakuna aliyeuliza kitu gani. Wote walimtazama Bibi Mwantumu, naye alikuwa anasuka ukili wa mkeka kana kwamba anazungumzwa mtu wa kambi nyingine.

Daktari wa zahanati akaulizwa tena habari ya kubadilisha ile mashine ya kifuani. Akajibu kama alivyojibu mwanzo: mashine mpya ipo, kifua cha kukifungua ndicho hakipo. Kwa umri ule, kisu kingemmaliza kabla ya moyo.

Akasimama Chausiku. Chausiku ana mdomo, tunamjua, lakini siku ile aliongea chinichini.

"Bibi Mwantumu amenizalisha watoto wawili kwa mikono yake. Nampenda, na anajua. Lakini watoto haohao wanacheza uani, na mimi nimemwona Shemweta. Mnataka niseme nini?"

Nilitaka kumzomea. Nilishafungua mdomo. Nikaufunga, kwa sababu ningekuwa na watoto ningesema vilevile.

"Hasemi vibaya," akasema Bibi Mwantumu bila kuinua macho kwenye ukili. "Nifungieni nje. Mnajadili mlango kama vile sijawahi kulala nje."

"Nyamaza, Bibi!" nikasema.

Ghala zima likageuka. Katika kambi yetu hujamsikia mtu akimwambia Bibi Mwantumu anyamaze, hata wale waliotumwa kwetu wakiwa na bunduki hawakuwahi kumwambia. Yeye mwenyewe aliinua nyusi. Nadhani alifurahi.

Sasa lile la maji. Kabla sijafahamu kitu, wakata mkonge wa hapa waligoma, na shamba likawafungia bomba. Aliyezungusha koki alikuwa msimamizi. Jina lake nalijua. La aliyemtuma nalijua. La karani aliyetangaza kwamba ni matengenezo ya kawaida nalijua, na la mwanawe nalijua. Kulikuwa na wazazi wapya katika mabanda, damu haijakauka, na bomba limekauka. Wanaume wakataka kwenda kulivunja. Bibi Mwantumu akasema, mkilivunja watapata sababu. Akakusanya wanawake wakapanga zamu, wakashuka mtoni na ndoo, na kila mzazi akaletewa maji mlangoni mpaka mgomo ukaisha. Mama yangu alikuwa mmoja wa wazazi wale. Mimi niliogeshwa kwa maji ya ndoo ile. Siikumbuki, ila nimesimuliwa mpaka naikumbuka.

"Bomba lilipofungwa," nikawaambia pale ghalani, na sikujua ninakokwenda mpaka nilipofika, "hatukuleta bomba lingine. Tulibeba ndoo."

"Ndoo ya nini, Mashavu?" Semboja akauliza.

"Ya waifai."

Walicheka. Niliwaacha wacheke kwanza, kisha nikawaonyesha.

Kila ruta ina mahali pa kupanga nguvu ya kurusha, yaani sauti yake iende mbali kiasi gani. Watu huipandisha juu kabisa na kuisahau, kama redio ya kinyozi. Nikachukua ruta ndogo kuliko zote nilizonazo, nikaishusha hadi chini kabisa. Bado ilisikika hadi nje ya ghala. Nikang'oa antena. Ikasikika hadi mlangoni. Nikaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga na kulifunika, nikaacha tundu upande mmoja. Sasa ilisikika mbele ya lile tundu tu, mpaka urefu wa mkono. Kama siri.

Ndani ya kopo kufuli la zamani, la Bibi peke yake. Nje ya kopo, kwenda mnarani, kufuli jipya. Tundu likielekezwa kwa Bibi, moyo unapata majibu yake. Na mkaguzi akipita barabarani, hasikii kitu.

"Si avishwe tu shingoni?" Chausiku akauliza.

Daktari akatikisa kichwa. Kopo halitakiwi kugusa kifua, litauvuruga moyo wenyewe. Likae mbali kidogo, mbele yake. Akigeuka, nalo ligeuke.

"Kwa hiyo," Semboja akasema polepole, "lazima mtu alishike."

"Lazima mtu alishike."

"Siku zote?"

"Zamu," nikasema.

Tukamgeukia Bibi Mwantumu. Aliweka ukili chini.

"Mnataka kunifuga."

"Tunataka kukutembelea, Bibi."

"Kila saa? Mkinichosha?"

"Utatutukana," Chausiku akasema. "Umeshazoea. Zamu ya kwanza naichukua mimi."

Bibi akaninyooshea kidole kile kilichopinda kwa miaka ya kushika panga. "Nina sharti. Mkaguzi akinikaribia, aliyeshika kopo alizime. Lote, zii. Moyo wangu unaweza kungoja kidogo, unajua ulichoambiwa mwisho. Kambi haiwezi kungoja bila mnara. Mashavu, apa."

"Bibi..."

"Apa, mke mwenzangu. Nimewabebea maji watoto wa watu, sitawakaushia mabomba uzeeni."

Niliapa. Watu wote walisikia.

*

Wakati mwingine hutokea kitu ambacho hukukipanga. Nilikuwa nimefikiria zamu kama kazi: mtu anakuja na kopo, anakaa, anaondoka mwenzake akija. Lakini huwezi kukaa na Bibi Mwantumu urefu wa mkono ukanyamaza.

Semboja, aliyekuwa na haraka ya kila kitu, alifundishwa kusuka ukili na akawa anachelewa vikao vyake mwenyewe. Chausiku alisemwa kuhusu mumewe mpaka akacheka hadharani. Daktari aliambiwa kwamba mwandiko wake ni wa mtu mwenye njaa, akalishwa. Watu walianza kugombania zamu za mchana, saa anapopika, maana anayeshika kopo anaonja mchuzi. Na Bibi akitembea, kopo linatembea naye ubavuni. Ukiwa mgeni ungedhani ni malkia na mbeba mwavuli wake.

"Geuza hilo tundu," angeniambia. "Linamtazama kuku."

"Kuku naye ana moyo."

"Wa kuku uko kwenye sufuria. Geuza!"

*

Mkaguzi wa Kampuni alikuja adhuhuri, kwa miguu kutoka barabarani, binti mrefu wa Kisukuma aliyejitambulisha kwa jina la Kabula. Kiunoni alivaa mashine ya kunusa, kijisanduku cha kijani chenye sikio la waya, kinacholia kikisikia kufuli la zamani. Zamu ilikuwa yangu, lakini mimi ndiye fundi na alinihitaji mnarani, kwa hiyo nilimwachia Semboja kopo.

Nilijiandaa kumchukia. Nilikuwa na hotuba. Lakini alifanya kazi yake kwa utaratibu, akauliza maswali ya maana, na alipoiona mipangilio yangu akasema, "Nani amekufundisha?" Nikajibu, "Hasira." Akasema, "Basi ni mwalimu mzuri kuliko wa kwangu." Nikakosa pa kuiweka ile hotuba.

Akapita nyumba kwa nyumba na sanduku lake. Pampu, zahanati, wakataji. Kila mahali kufuli jipya. Sanduku kimya. Nilishaanza kuona barabara mbele yake na mgongo wake ukiondoka. Tulikuwa tunapita nje ya ua wa Bibi Mwantumu, mbali vya kutosha, niliposikia sauti ambayo nilikuwa nimeiombea isisikike.

"Wewe binti! Unapita tu kama upepo, hujui kuna watu?"

Hakuweza kujizuia. Nawaambia, yule mama ameishi miaka yake yote bila kumwacha mtu apite mlangoni na jua la utosi bila kumwita ndani. Angekuwa jela angemkaribisha askari.

"Shikamoo, Bibi," Kabula akasema.

"Marahaba. Umekula?"

"Niko kazini, Bibi."

"Sikuuliza uko wapi."

Kabula akacheka, akaanza kuingia.  Nikamtazama Semboja ubavuni kwa Bibi, kidole chake kikawa tayari juu ya swichi. Bibi akanyoosha mkono.

"Hapo hapo. Hicho ulichovaa, kitundike."

Kwenye nguzo ya lango la ua wa Bibi kuna msumari mkubwa wenye kutu. Enzi za wakata mkonge, kila aliyeingia kula alitundika panga lake pale kwanza. Ni mila ya kambi: panga haliingii kwenye chakula. Mzee Kihiyo ndiye aliyeupigilia.

"Hiki si panga, Bibi. Ni kifaa cha kazi."

"Na panga lilikuwa nini? Hapa hatuli na mtu aliyevaa kazi yake."

Binti alisita. Akanitazama mimi, akautazama msumari ulivyolika katikati kwa mishipi ya mapanga ya watu waliokufa. Kisha akafungua mkanda, akalitundika lile sanduku, akaingia akiwa mwepesi.

Nilipumua. Nikampokea Semboja kopo, nikakaa mahali pangu, urefu wa mkono.

Kabula alikula ugali na kisamvu cha nazi kama mtu ambaye kwa siku nyingi amekula akiwa amesimama. Bibi alimuuliza wazazi wake, ng'ombe wao, kama ameolewa, na kama hajaolewa ni nani mjinga huyo. Hata mara moja mgeni hakuuliza mwanamke huyu pembeni anafanya nini na kopo la maziwa mapajani. Aliliangalia mara moja. Akaendelea kula.

Alipomaliza alinawa, akashukuru, akatoka hadi langoni. Akavaa sanduku. Akalifunga mkanda. Na alikuwa ameshatia mguu njiani Bibi aliposimama.

"Mwanangu! Unaondoka bila kuniaga?"

Hilo ndilo kosa letu. Mtu mwingine yeyote duniani angemwacha aende. Lakini kwetu mgeni aliyekula haondoki bila kupeana mkono na mwenye nyumba, na mwenye nyumba hubaki amekaa tu akiwa mgonjwa au ana kiburi. Bibi alikuwa tayari anatembea kumsindikiza, kwa haraka, kifua kinapanda na kushuka, mimi na kopo ubavuni kwake, na yule binti, kwa adabu, akageuka akarudi kumwahi mzee asichoke. Na sanduku kiunoni.

Ndipo Bibi alipokumbuka. Aliniangalia. Macho yake yakaniambia: zima.

Kidole changu kilikuwa juu ya swichi.

Niliapa mbele ya watu. Nyuma yangu zilikuwa pampu, mnara, watoto wa Chausiku uani. Mbele yangu kilikuwa kifua cha mwanamke mzee aliyesimama juani, baada ya kushiba, moyo umeshapanda na unauliza zahanati: nifanye nini sasa, nifanye nini? Akiwa amekaa, moyo ungeweza kungoja. Sasa usingeweza. Nilikuwa nimeshaiona ile rangi ya majivu mara moja, na mimi ndiye niliyeileta.

Maisha yangu yote nimehesabu watu waliozungusha koki. Wote walikuwa na sababu. Hata wale wa siku ile ya maji walikuwa na sababu, waliitangaza.

Sikuzima.

Sanduku likalia. Mlio mdogo, kama kifaranga.

Kabula akasimama. Akatazama kiunoni, akatazama kopo, akamtazama Bibi.  Semboja alikuwa ameshika nguzo.

"Nini hiki?" akauliza, lakini kwa sauti ya mtu anayejua.

"Ni moyo wangu, mwanangu," Bibi Mwantumu akasema. "Ni wa zamani. Haujui lugha yenu mpya."

"Lawama ni yangu," nikasema. "Mimi ndiye fundi. Mnara hauna kosa, wala hawa watu. Andika jina langu: Mashavu binti Singano."

Hakuandika. Alirudi nyuma hatua moja. Sanduku likanyamaza. Akaja mbele hatua moja. Likalia. Akainama, akalitazama tundu la kopo, akalifuata kwa macho hadi kifuani kwa Bibi, kisha akaangalia vidole vyangu vilivyolishika, na vya Semboja vyenye mikato ya ukili. Nikaona uso wake ukifanya hesabu ambayo haimo kwenye amri ya Kampuni.

"Mnabadilishana?" akauliza.

"Zamu," Semboja akasema kwa shida.

Akarudi nyuma tena ile hatua moja, na safari hii akabaki hukohuko, katika kimya cha sanduku lake. Akaweka mkono kifuani.

"Bibi, naomba nikuage kutoka hapa."

Bibi Mwantumu aliudhika kweli. "Mtoto gani huyo anaaga kwa mbali?"

"Anayetaka kukaribishwa tena, Bibi."

Bibi akaitazama nguzo ya lango. "Ukirudi," akasema, "msumari unaujua."

"Naujua."

Akaondoka na jua lake. Tulimtazama mpaka mkonge ukammeza.

Tulimrudisha Bibi barazani, akakaa kwenye mkeka, nami nikakaa karibu yake na kopo. Alipopata pumzi alinipiga kibao cha bega, si kidogo.

"Uliapa!"

"Niliapa."

"Mwongo mkubwa. Mume wetu alikuwa anajua, ndiyo maana alikuacha mapema."

"Alikuacha wewe, Bibi. Mimi nilikuwa nanyonya."

Akacheka mpaka nikamwambia apunguze. Kichwani mwangu kuna chumba kilichojaa majina: msimamizi, aliyemtuma, karani, mwanawe. Nilikaa pale nikilizungusha jina la Kabula wa Kampuni ya Anga, nikitafuta rafu ya kuliweka, na sikuipata. Ilibidi nilishike tu mkononi, pamoja na kopo.

"Zamu yako imekwisha?" Bibi akaniuliza. Chausiku alikuwa ameshafika langoni, anafuta mikono kwenye kanga, amekuja kupokea.

"Imekwisha."

"Basi mbona huondoki?"

"Nakwenda."

Sikwenda. Chausiku akakaa upande wa pili, akachukua kopo, na Bibi Mwantumu, katikati yetu, akasinzia.